Sura ya Saba: Joka Limenyamaza

"Sogea kidogo, bi harusi," alisema Bashmuhandisi Raafat. "Joka lisije likakufunika."

Nesma alisogea. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, na ukumbi wa mbele wa sinema ulikuwa umefurika kama zinavyofurika sinema zote za Mansura siku hiyo: akina mama na mifuko ya mbegu za maboga, vijana waliojipaka mafuta ya nywele ya mwaka mzima, watoto wenye viatu vipya wasiovipenda. Katikati yao lilisimama joka la kijani, vazi kubwa la sifongo lililomficha mtu ndani yake. Bawa moja lilikuwa limeshaanza kuchomoka kwa kuvutwa.

Raafat ndiye aliyetaka picha hiyo. Alikuwa mhandisi wa lifti, na hata mapenzi aliyaendesha hivyohivyo: unabonyeza, unasubiri, yanafika. Akasimama kushoto kwa joka, Nesma akasimamishwa kulia, na Shangazi Inshirah akaishika simu kwa mikono miwili kana kwamba ingemponyoka iingie mtoni.

"Karibianeni! Si mnakwenda kusomewa Fatiha leo? Hata joka linawaonea haya!"

Bawa likatua begani mwa Nesma.

Ndipo joka likanguruma. Haukuwa mngurumo wa kutisha watoto. Ulianza chini kabisa, kama paka aliyekalia redio, ukapanda, kisha ukakatika katikati, kama mtu aliyekumbuka jambo lenye kuuma. Watoto walicheka. Raafat alicheka. Nesma aligeuka kulitazama joka, maana mngurumo ule alikuwa ameusikia kwenye simu kwa miezi mizima, akiulizwa kila mara, "Huu je? Au ule wa kwanza?" Katika Misri yote palikuwa na kifua kimoja tu kinachoweza kuutoa.

Humo ndani alikuwa Hatim.

"Tayari!" alisema Shangazi. "Mtoto wa kwanza tutamwonyesha hii."

* * *

Baba yake Nesma, Sheikh Mitwalli, alikuwa maadhuni wa mtaa wa Torili, yaani mwenye kuozesha watu kisheria. Nusu ya wenye ndoa pale mtaani walikuwa wametiwa ndoani na yeye, na nusu ya pili walimlaumu kwa kutowatoa. Hatim alipokwenda kumposa Nesma, mzee alimkaribisha vizuri, akamtilia chai kwa mkono wake mwenyewe, akauliza:

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Mimi ni mwigizaji wa sauti, Sheikh wangu. Kuna filamu ya katuni inatengenezwa."

"Vizuri. Sauti ya nani?"

"Ya joka."

"Na joka hilo linasema nini?"

"Halisemi. Linanguruma." Hatim alikuwa mkweli, na ukweli ndio uliomponza. "Na mahali pengine linapiga chafya."

Sheikh alilitafakari jambo hilo kwa uzito wote lililostahili.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "ndoa ni maneno mawili: nimekuoza, nimekubali. Nimeozesha mabubu kwa ishara, na sheria inaruhusu. Lakini mtu mzima, mwenye ulimi wake, anayekula kwa chafya? Huyo sijamkuta kitabuni."

Hatim aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakupiga simu tena. Wiki zikapita, na Shangazi Inshirah, ambaye hakupenda kuona nafasi ikikaa tupu, akamleta Raafat na mama yake na mjomba wake na keki.

Siku hiyo Sheikh aliinuka sebuleni, akaja hadi mlango wa jikoni, akauliza kutokea nje, "Nesma, una neno?"

Nesma alikuwa amelielekea jiko. Neno alikuwa nalo. Alikuwa na maneno ya kujaza gazeti zima pamoja na matangazo ya vifo. Lakini sebule ilikuwa imejaa masikio, na aliyekuwa na neno la kumsaidia alikuwa ametoweka bila neno. Mzee akasubiri, akakohoa, akarudi kwa wageni wake.

"Binti amenyamaza," alitangaza. "Na kunyamaza kwa binti ni ridhaa."

Vigelegele vya Shangazi vilivuka mto.

Basi Fatiha ya kufunga uchumba ingesomwa leo baada ya magharibi, nyumbani kwa Shangazi. Ikishasomwa, imesomwa. Mtu anayefunga ndoa za mji hawezi kuonekana akifungua ya nyumbani kwake. Na sinema ilikuwa wazo la Raafat: watu wazoeane kidogo kabla, mbele ya wazee. Alitaka filamu ya bunduki, tiketi zake zikawa zimekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya joka.

* * *

Filamu ilipoanza, Nesma alimnong'oneza Shangazi kwamba anakwenda kunawa sukari ya kahki, biskuti za Idi, mikononi. Hakunawa. Alipita ukumbi wa mbele, ulioanza kupungua watu, akamkuta Hatim nyuma ya bango kubwa la filamu, kichwa cha joka amekikumbatia kwapani, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Alikuwa mwekundu kama nyanya, na jambo lililomkasirisha Nesma zaidi ni kwamba hata hivyo alikuwa mzuri.

"Hongera," alisema Hatim.

"Usinianze."

"Nimewakunjulia bawa. Uliona nilivyowakunjulia bawa? Kampuni ya filamu imeniagiza niwafanyie wachumba wote."

"Hatim."

"Mtu mzuri, yule. Ananukia sabuni. Ameniambia, 'Asante, ewe joka.' Mtu anayelishukuru joka hawezi kumpiga mkewe."

"Hatim, sikumkubali!"

"Mansura nzima inasema umemkubali."

"Nilinyamaza."

"Kwa baba yako ni kitu kimoja."

"Na kwako wewe?"

Hatim akatazama chini. Kichwa cha joka kwapani mwake kilimkodolea Nesma macho ya kioo, nacho pia kikionekana kusubiri.

"Na wewe je?" sauti ya Nesma ikaanza kukatika. "Ulipokataliwa ulisema nini? Uliinuka ukaaga kama mgeni aliyekosea mlango. Nililala na simu mkononi, Hatim. Ikilia, ni kampuni ya maji. Ikilia tena, ni Shangazi. Kila aliye hai alinipigia isipokuwa wewe."

"Baba yako alinitoa hadi ngazini, akaniomba nisikupigie mpaka nipate kazi yenye maneno. Nikampa ahadi. Ungetaka nianze ukwe kwa kuvunja ahadi?"

Hilo Nesma hakulijua.

"Umeipata?"

"Nimepata tangazo la samli."

"Unasema nini humo?"

"'Mmm.'"

Walitazamana. Nesma aliuma mdomo, lakini kicheko kilipenya, na nyuma ya kicheko yakaja machozi bila hata kubisha hodi. Hatim akanyoosha mkono kuyafuta, akakumbuka kwamba mkono wenyewe ni ukucha wa sifongo, akaurudisha.

"Ingia ukamwambie Baba," alisema Nesma. "Sasa hivi. Mwambie unanitaka."

"Nilishamwambia. Akakataa, na ni haki yake. Mimi nikisema mara mia siongezi kitu. Anayeulizwa kwenye ndoa ni wewe, Nesma, na wewe hajakusikia."

"Mbele yake ulimi wangu unakuwa jiwe. Hujui. Nampenda. Sijawahi kumwambia hapana hata kwenye sahani ya mlenda wa mlukhiya."

"Basi mwambie ndiyo, mpate raha wote." Alisema kwa ukali kuliko alivyotaka, na ilionekana kwamba alijutia neno kabla halijafika mwisho. Lakini aliliendeleza, kama wanaume wanavyoendeleza makosa. "Ila usije ukaniambia siku moja kwamba ulilazimishwa. Nitakuwa najua kwamba uliulizwa."

"Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo."

"Joka!" Mtoto mmoja alikuwa ameushika mkia. "Joka, kichwa chako kimetoka!"

Hatim akakivaa kwa haraka, kinyume, akawa anautazama ukuta. Nesma hakungoja akigeuze.

* * *

Alikaa pembeni mwa baba yake. Upande wa pili wa mzee alikaa Shangazi, na baada ya Shangazi, Raafat, ili adabu iwe na kuta mbili.

Ukumbi mzima ulikuwa unaitazama filamu kwa midomo. Mtu wa nyuma alipigiwa simu, akapaza sauti: "Niko sinema! Naangalia joka! Joka, wewe! Hapana, si mama yako, joka!" Watu wakacheka hadi safu za mbele. Kwenye skrini binti mchunga mbuzi alikuwa amelikuta joka limefungwa minyororo ndani ya ngome iliyobomoka, na kila siku alilipelekea mkate. Mara ya kwanza lilipolamba mkono wake, ukumbi ulisema "Aaah" kwa pamoja. Lilipopiga chafya na kumchoma mbuzi ndevu, Sheikh Mitwalli alicheka mpaka kilemba kikamwendea upande.

Nesma hakucheka. Pumzi ya joka ilikuwa inatoka kwenye spika za kuta zote nne, na ilikuwa pumzi ya Hatim. Ilikuwa mbele yake, ilikuwa nyuma ya shingo yake. Watu wote hawa walikuwa wanaisikia, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwa ya mtu wake. Akajikunyata kitini, akaishika ncha ya mtandio wake.

Kisha binti wa kwenye filamu akaleta hatamu. Alikuwa ameisuka mwenyewe, nyekundu. Akalinyooshea joka, akauliza kwa upole, "Utanibeba?"

Joka halikunguruma. Muziki ulikatika. Lilimtazama tu, kimya, kimya kirefu, binti akapiga hatua na hatamu yake mkononi, na hapo hapo taa zikawaka.

Mapumziko.

Ukumbi uliguna kama mtu mmoja aliyenyang'anywa sahani.

"Sasa ndiyo nini? Limekubali au halikukubali?"

"Limekubali," alisema mama mmoja akifungua chupa ya chai. "Limenyamaza, unataka lifanye nini tena? Litie sahihi?"

"Kunyamaza ni ridhaa!" alidakia mwanamume wa nyuma, na watu wakapiga makofi.

"Halijakubali!"

Aliyesema hayo alikuwa amesimama juu ya kiti, safu moja mbele yao: msichana wa miaka sita hivi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Keti, Gamila," alisema baba yake.

"Halijakubali! Mnasema uongo!"

"Basi aulizwe mwenye fani!" Yule wa nyuma alikuwa amemwona. "Sheikh Mitwalli si yule pale? Yeye ndiye aliyeniozesha!"

"Hata mimi!"

"Mimi mara mbili!" alisema mwingine, na mke aliyekuwa naye akamtazama.

Sheikh alifurahi. Ni nani asiyefurahi kuulizwa fani yake siku ya Idi? Alisimama, akakirekebisha kilemba, akainua kidole.

"Bismillahi. Asili ya jambo hili," alisema kwa sauti yake ya harusini, "ni kwamba mwenye haya akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa."

Makofi. Shangazi alipiga kigelegele kifupi, akamkonyeza Raafat. Raafat akatabasamu kwa staha. Nesma aliisokota ncha ya mtandio.

"Wewe uliutazama mkia?" aliuliza Gamila.

"Adabu, mtoto!"

"Mwache," alisema Sheikh. "Mwenye hoja asikilizwe. Mkia una nini, binti yangu?"

"Ulikuwa umejikunja chini ya tumbo. Paka wetu akikunja mkia hivyo ukamshika, anakukwaruza. Hasemi kitu. Anaogopa." Akamtazama mzee kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Ukitazama uso peke yake huwezi kujua."

Watu wakacheka. Sheikh naye akacheka.

"Wallahi kasema kweli. Na vitabu vimesema vivyo hivyo. Kimya kina masharti, enyi watu! Anayeuliza ni lazima amtazame anayeulizwa. Akiona dalili ya kuchukia, hicho kimya si ridhaa hata kidogo. Mimi kabla sijamwozesha binti wa mtu, huomba aletwe mbele yangu. Sikubali kabisa kuuliza kutoka nje ya..."

Akaishia hapo.

Mama wa chai alisubiri mwisho wa fatwa, alipoona hauji akarudia chupa yake. Kelele za mapumziko zikafunika kila kitu. Sheikh Mitwalli aliketi polepole, akageuka, akamtazama binti yake chini ya taa zile kali. Aliutazama uso. Kisha akashusha macho mpaka mikononi. Ncha ya mtandio ilikuwa imesokotwa hadi ikawa kamba, na kamba imezungushwa kidoleni hadi kidole kikawa cheupe.

"Siku ile jikoni," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa umenielekea?"

"Nilikuwa nimelielekea jiko, Baba."

"Ulikuwa unalia?"

Nesma aliikaza kamba kidoleni.

"Kaka, taa zinazimwa sasa hivi," alisema Shangazi. "Chukua kahki."

"Inshirah, nyamaza. Na safari hii kimya chako sitakichukulia kuwa ni ridhaa." Hakumwondolea Nesma macho. "Nakuuliza upya, na nakutazama. Bashmuhandisi Raafat ameleta posa. Una neno?"

Jiwe lilikuwa palepale, chini ya ulimi. Nesma aliuona uso wa baba yake kwa karibu, mikunjo ya macho, chembe ya sukari ya kahki kwenye ndevu, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona humo: mzee naye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa jibu, na hata hivyo alikuwa ameuliza.

"Ninalo."

"Liseme."

"Hapana."

Lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Gamila aligeuka na kiatu chake mkononi.

"Yuu!" Shangazi alijipiga kifua. "Hapana nini? Mabata yako jikoni! Mama yake Raafat ameshatoka nyumbani! Nitawaambia watu nini, kwamba posa imevunjwa na paka?"

Raafat alikuwa amesimama. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, kama taa ya lifti iliyosahau kuzimika, kisha likaondoka.

"Bi Nesma," alisema. "Kuna mwingine?"

Angeweza kusema hakuna. Ingekuwa rahisi, na Shangazi angekuwa na kitu cha kushona upya kesho.

"Yupo," alisema Nesma. "Nisamehe. Ulistahili kuambiwa mapema."

"Nilistahili," alikubali Raafat. Akafunga kifungo cha koti. "Idi njema, kila mwaka mkiwa wazima, Sheikh." Kisha akatoka, akipita safu nzima goti kwa goti, akimwomba radhi kila mwenye goti, na Shangazi akamfuata akibeba mkoba wake na jina lake akiliita. Nesma alitamani angalau yule mtu angekuwa mbaya.

Taa zikazimwa. Watu wakashangilia. Sheikh hakuketi kuuona mwisho wa joka. Alimshika binti yake mkono, wakatoka.

Kwenye ukumbi wa mbele joka lilikuwa limezingirwa na watoto wa zamu inayofuata. Lilipowaona, likaganda. Likavua kichwa. Hatim alisimama pale mbele ya watu wote, amelowa jasho, na watoto wakapiga mayowe kwa kugundua kwamba joka limemeza mtu.

"Ndiye huyo uliyemsema?" aliuliza Sheikh.

"Ndiye."

"Sheikh wangu..." alianza Hatim.

Mzee aliinua mkono. Akamtazama kutoka nywele hadi kucha za sifongo, akatoka nje hadi kwenye ngazi za sinema, ambako jua la alasiri lilikuwa linapiga usoni na wauza maputo walikuwa wanagombea kona. Nesma alimfuata. Nyuma yao, ndani ya kioo, Hatim alikuwa anajaribu kuja, na watoto watatu walikuwa wameushika mkia wake.

"Usijidanganye," alisema Sheikh bila kugeuka. "Nilichokukubalia ni kukataa, basi. Kukataa ni haki yako na mimi nilikosea. Lakini yule sijamkubali, na jambo lake lina siku yake. Leo nina wageni wa kuwarudisha na dada wa kumtuliza."

Siku yake. Nesma alizijua siku za namna hiyo. Zilianza na mashangazi, zikaendelea na wajomba, na ilipofika ya mwisho mtu alikuwa amesahau alichotaka kusema. Hata sasa alikuwa anausikia ulimi ukirudia uzito wake. Akashuka ngazi moja, akasimama mbele ya baba yake, ili alazimike kumtazama.

"Niulize na hilo, Baba," alisema. "Niulize sasa hivi, kabla sijaogopa tena."